Niliyojifunza Katika Saluni ya Mama Mdogo

Mhariri wa gazeti letu aliponiomba niandike habari ya likizo yangu, nilisita. Wenzangu wengi huandika habari za safari ya Dar es Salaam au za kupanda milima ya Usambara, nami likizo yangu ya Desemba niliipitisha katika chumba kimoja chenye vioo viwili, viti vitatu na draya moja. Walakini nimeona afadhali niandike, kwa sababu mbili. Kwanza, sisi wasichana wa shule hii hukata nywele fupi muda wote wa masomo, lakini shule ikisha kufungwa, juma moja halipiti kabla wengi wetu hatujaketi kwenye kiti cha saluni. Pili, mama zetu na dada zetu nao huenda huko, na gazeti hili husomwa nyumbani.

Kwetu ni Handeni. Mama yangu mdogo anakaa Korogwe, ambako ana saluni yake ndogo. Kutoka kwetu mpaka kwake ni mwendo wa saa moja na kitu kwa basi; ukisha kuvuka Mto Pangani umekwisha fika. Nilikwenda ili nimsaidie kazi, naye aliniahidi kwamba nitakachopata kitanisaidia kununua viatu na begi la shule. Siku ya kwanza nilidhani kazi ya saluni ni kusuka na kupiga soga. Mama mdogo akaniambia, "Mwanangu, hapa ni kama jikoni na kama hospitali. Ukikosea jikoni, chakula kitaungua. Ukikosea hapa, atakayeungua ni mtu."

Basi nitaeleza kwanza yale aliyonifundisha, kisha nitaeleza kosa langu.

Jambo la kwanza ni dawa ya kulainisha nywele. Husimuliwa kwamba Mmarekani mweusi mmoja, Garrett Morgan, fundi wa cherehani katika mji wa Cleveland, alikuwa akitafuta maji ya kuzuia sindano zisiunguze kitambaa, akaona maji yale yamenyoosha manyoya ya kitambaa. Hakukimbilia kuuza. Alimpaka kwanza mbwa wa jirani, kisha akajipaka yeye mwenyewe kidogo kidogo, na mwaka 1913 akafungua kampuni yake. Mama mdogo alikipenda sana kisa hiki nilipomsomea. Alisema, "Unaona? Hata yeye alijaribu kwanza."

Dawa nyingi za nywele za siku hizi zina kostiki soda, ile ile tuliyoitumia katika chumba cha Kemia kutengeneza sabuni, au zina chokaa iliyochanganywa na dawa nyingine. Pehachi yake hupita 12. Hulainisha nywele kwa kukata vifungo vya salfa vinavyoupa unywele umbo lake, na vifungo hivyo vikikatika havirudi tena mpaka nywele mpya ziote. Dawa haiwezi kuutambua unywele ikauacha ngozi. Inakula vyote viwili. Kwa hiyo mteja asioshe wala asikune kichwa siku moja au mbili kabla ya kuweka dawa, maana kila mkwaruzo ni mlango. Mwenye kidonda arudi nyumbani. Kabla ya dawa hupakwa mafuta mgando kwenye ngozi, pembeni na nyuma ya masikio. Dawa ikianza kuchoma ioshwe mara moja kwa maji mengi, kisha kwa shampuu yake ya kuiondoa.

Hapo ndipo nilipoona ujinga mkubwa. Wateja wengi hufikiri kwamba dawa isipochoma haijaiva. Mama mmoja alikataa kuoshwa, akisema, "Niache kidogo, bado nastahimili." Mama mdogo alimwosha kwa nguvu huku mteja akinung'unika. Kustahimili maumivu ni sifa njema shambani na darasani, lakini kwenye dawa ya nywele si ushujaa. Kadhalika, unaporudi kuweka dawa, yaani retachi, hupakwa nywele mpya tu zilizoota, na ni vema kungoja yapata majuma nane. Dawa na rangi visiwekwe siku moja. Tena watoto wadogo wasiwekewe kabisa.

Katika mwaka 2022 watafiti wa Marekani walitangaza habari za wanawake 33,497 waliofuatiliwa kwa karibu miaka 11. Walikadiria kwamba katika kila wanawake 100 wasiotumia dawa za kunyoosha nywele, wapata wawili hivi huweza kuugua saratani ya mji wa mimba kabla ya kufika miaka 70. Kwa wale waliozitumia mara nyingi, zaidi ya mara nne kwa mwaka, idadi yao ni wapata wanne. Jambo hili halithibitishi kwamba dawa ndiyo iliyosababisha ugonjwa, wala halisemi kwamba kila atumiaye ataugua. Lakini mtu mwenye akili akisikia hivyo hapunguzi chochote kwa kupunguza mara anazoweka dawa.

Jambo la pili ni kusuka. Kila mtu hudhani kusuka hakuna hatari, kwa kuwa hakuna dawa. Walakini rasta zikivutwa mno, mizizi ya nywele za pembeni huchoka. Kwanza huonekana vipele vidogo kwenye paji la uso, kisha nywele hukatika, na mwishowe ngozi hubaki laini kama ya mtoto mchanga. Ukiwahi kufumua, nywele hurudi. Ukichelewa miaka, hazirudi. Mama mdogo hana maneno mengi juu ya jambo hili. Husema, "Ukisukwa ukashindwa kufumba macho, mwambie msusi alegeze."

Jambo la tatu ni vyombo. Kitana kimoja kikipita vichwa kumi bila kuoshwa, mashilingi nayo hupita vichwa kumi. Wembe na mkasi wa kucha ni hatari zaidi, maana damu kidogo isiyoonekana kwa macho yaweza kubeba virusi vya homa ya ini au vya Ukimwi. Wembe uwe mpya, nao ufunguliwe mbele yako. Vyombo vya chuma vioshwe kwa sabuni, kisha vichemshwe. Mteja akiuliza, "Chombo hiki kimeoshwa?" asionekane mtu wa maringo. Anaulizia afya yake.

Jambo la nne ni mkorogo. Watani hutuambia kwamba Korogwe na mkorogo ni ndugu. Si kweli, mkorogo uko kila mji, na mama mdogo hauuzi. Huo ni mchanganyiko wa krimu za kung'arisha ngozi, na mara nyingi ndani yake mna haidrokwinoni, dawa kali za steroidi, au zebaki. Sisi watu wa Handeni tunaisikia zebaki, maana wachimbaji wadogo huitumia kukamatia dhahabu. Ajabu ni kwamba mtu atakayemhurumia mchimbaji kwa kuishika zebaki mkononi, yeye mwenyewe huipaka usoni asubuhi na jioni. Zebaki hupenya ngozi ikaharibu figo, na mama mwenye mimba huipeleka kwa mtoto. Steroidi hukonda ngozi mpaka mishipa ionekane, na kidonda kikaacha kupona upesi. Ule weusi unaoondolewa ndio mwavuli tuliopewa dhidi ya jua.

Mkataba wa Minamata, uliopitishwa mwaka 2013 na kuanza kutumika mwaka 2017, ulikataza vipodozi vyenye zebaki zaidi ya sehemu moja katika milioni, na mwaka 2023 nchi wanachama zilikubaliana kukiondoa hata kikomo hicho ifikapo mwaka 2025. Nchini mwetu, tangu mwaka 2019, kazi ya kusimamia vipodozi iko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, yaani TBS. Lakini askari hawezi kusimama mlangoni pa kila bafu. Krimu isiyo na maandishi ya vitu vilivyomo, au iliyofungwa katika kopo lisilo lake, usiiguse.

Sasa nafika kwenye jambo la tano, nalo ndilo lililonifanya nichukue kalamu.

Hina ya majani tunaijua sote. Huacha rangi ya machungwa au ya hudhurungi, tena hutaka kukaa saa nyingi. Lakini siku hizi bibi arusi wengi hutaka maua meusi ti, kwa kuwa hutokea vizuri kwenye picha. Weusi huo hautoki kwenye jani lolote la hina. Ni piko, yaani rangi ya unga ya kutia nywele weusi, ile ambayo kichwani huitwa kanta. Ndani yake mna kitu kiitwacho parafenilenidiamini. Katika nchi za Ulaya sheria hukiruhusu katika rangi ya nywele kwa kipimo kisichozidi asilimia 2, lakini haikiruhusu kuchorwa kwenye ngozi. Watu wengi hupaka wasione kitu. Wengine mwili wao hukikataa, na mwili ukisha kukikataa mara moja, hukikataa maisha yote, na pengine kwa nguvu zaidi.

Mama mdogo ana sheria yake. Mteja akitaka piko au kanta, kwanza huulizwa, "Umewahi kupaka? Ulipopaka ilikuwaje?" Kisha hupakwa tone moja ndani ya kiwiko, akaambiwa arudi baada ya siku mbili. Asiye na siku mbili hupakwa hina ya majani, au huenda zake. Kwa sheria hii amepoteza wateja wengi, nami nilikuwa nikimwona kama mtu mwenye hofu nyingi.

Siku ya Jumatano moja mama mdogo alikwenda Tanga kununua bidhaa, akaniachia saluni. Yapata saa tisa akaja dada yangu, binti wa baba yangu mkubwa, pamoja na rafiki zake wawili. Arusi yake ilikuwa Jumamosi, kwetu Handeni. Alisikia kwamba nimejifunza kuchora, naye alitaka maua yangu, meusi. Msomaji, sitaficha: nilifurahi mno. Nilikuwa nimechora wateja wadogo wadogo, bali huyu alikuwa bibi arusi wa ukoo wetu, na kila mwanamke atakayemshika mkono angeuliza ni nani aliyemchora.

Nilijua sheria. Nilijua kwamba Jumatano mpaka Jumamosi siku mbili zilikuwamo, ila basi lake lilikuwa la jioni ile ile, naye asingerudi tena. Nikasema moyoni, "Dada huyu ana afya, hatadhurika." Sikumwuliza hata lile swali moja. Nikamchora mikono na miguu, matawi yakipanda mpaka juu ya kiwiko, na kwa kweli yalipendeza. Akanilipa, akanitia na shilingi elfu tano mkononi, akaondoka akicheka.

Usiku mama mdogo aliporudi alitazama daftari la hesabu, akaniuliza, "Bibi arusi huyu ulimpima?" Nikajibu, "Ndiyo, Mama mdogo." Lilikuwa neno moja tu, nalo lilitoka kwa urahisi kuliko nilivyodhani.

Jumamosi asubuhi nilipanda basi kwenda Handeni kwenye arusi. Nilipofika nyumbani kwa baba mkubwa niliwakuta wanaume wanafunga turubai, na wanawake uani wanachambua mchele na kukatakata vitunguu. Nikaingia chumbani alimokuwa bibi arusi. Walikuwamo bibi yetu, somo yake na shangazi wawili, na hakuna aliyekuwa akiimba. Dada alikuwa ameinyoosha mikono yake juu ya mto. Ilikuwa imevimba, na kila mahali nilipopitisha brashi palikuwa na malengelenge. Maua yangu yote yalikuwapo, jani kwa jani, yameinuka na kujaa maji.

Nilisimama pale pale mlangoni. Shangazi mmoja alikuwa akisema kwa sauti ya chini kwamba jambo hili si bure. Jana yake alikuja mama jirani kusaidia kazi, akamshika bibi arusi mikono yote miwili na kumpongeza. Mtoto wa mama yule alikuwa amewahi kumposa dada, akakataliwa. Basi kila mtu alikwisha unganisha mambo hayo. Somo akasema, "Mwambieni aondoke kabla wageni hawajaja." Mmoja akatoka kwenda kumwambia.

Kwenye dirisha niliweza kumwona mama yule. Alikuwa amepinda khanga kiunoni, anaosha mchele wa pilau. Nilimwona akisikiliza alichoambiwa, akafuta mikono yake, akaziweka sufuria upande, akatoka kwa mlango wa nyuma. Hakumuuliza mtu neno lolote.

Nawaambia kweli, nilifikiri kunyamaza. Niliona kwamba nikinyamaza, hakuna atakayejua. Maua yangu hayatalaumiwa, mama mdogo hatalaumiwa, na mimi nitarudi shule na viatu vipya. Lakini pia nilijua kwamba maneno yaliyosemwa chumbani mle yangemfuata mama yule mpaka kaburini, na wajukuu wake baada yake. Katika nchi yetu watu wameuawa kwa neno kama lile.

Nikasema, "Shangazi, si yeye. Ni mimi."

Wakadhani nimechanganyikiwa. Somo akaniambia, "Nyamaza, mtoto." Bibi akasema, "Mwacheni aseme." Basi nikasema yote: piko ni kitu gani, sheria ya mama mdogo, swali nisilouliza, na uongo niliomwambia usiku ule. Bibi akamgeukia dada akamwuliza, "Mjukuu wangu, umewahi kupaka kitu hiki?" Dada akajibu kwa machozi kwamba mwaka uliopita, kwenye arusi ya rafiki yake, alichorwa ua moja mkononi, likamwasha siku tatu, naye akadhani ni mbu.

Swali moja tu lingetosha.

Alipelekwa kwa tabibu kabla ya adhuhuri. Tabibu alisema neno lile lile, kwamba ni mzio wa rangi, akasafisha mikono, akampa dawa ya kunywa na ya kupaka, akaifunga kwa bandeji. Alimwonya asipake kanta tena maisha yake yote, maana mara nyingine uso waweza kuvimba mpaka pumzi ishindwe kupita. Arusi ilifungwa alasiri. Katika picha zote, mikono ya dada imefichwa chini ya mtandio.

Na mama jirani? Bibi yetu, ambaye hutembea kwa mkongojo, alikataa kumtuma mtu. Alikwenda mwenyewe mpaka nyumbani kwake, nami nikimfuata nyuma. Alimwomba radhi mlangoni, nami nikaomba yangu. Mama yule aliitikia shikamoo yangu, akavaa buibui, akarudi nasi arusini. Walakini hakuingia tena uani kupika. Aliketi na wageni, akala kama mgeni, akaondoka mapema. Wala simlaumu.

Jumapili nilirudi Korogwe nikamwambia mama mdogo kweli. Nilitazamia atanifukuza. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Kumchora bila kumpima ni kosa la kazi, nami nimewahi kukosea kazi. Lakini uliponidanganya Jumatano usiku, ulininyima siku mbili za kumtafuta dada yako." Maneno hayo yaliniuma kuliko kipigo. Fedha zangu za likizo zilikwenda kwenye dawa ya dada, pamoja na zile elfu tano. Viatu nilivyovaa muhula huu ni vile vya mwaka jana, na kila nivipigapo rangi nakumbuka kwa nini.

Kabla sijaondoka, mama mdogo alinipa karatasi kubwa akaniambia niandike maneno ya kubandika ukutani, ili mteja ayasome mwenyewe hata kama mwenye saluni hayupo. Niliandika hivi:

Sema kama dawa au rangi yoyote imewahi kukuwasha.
Sema kama una kidonda, una mimba au unanyonyesha.
Taka kupimwa tone moja, ungoje siku mbili.
Uliza dawa ina nini, na usome kopo lake.
Taka wembe mpya.
Ikichoma, sema sasa hivi.
Ikikudhuru, osha kwa maji mengi, uende kwa tabibu. Usipake dawa ya meno wala majivu.

Dada yangu hajambo sasa. Mikono imebaki na alama nyeusi zinazofifia polepole, na ukitazama vizuri bado unaweza kuona tawi moja juu ya kiwiko. Tulipoonana mwisho alinionyesha huku akicheka, akasema mimi ndiye fundi ambaye maua yake hayafutiki. Nilicheka naye, kwa kuwa ndiye aliyekuwa na haki ya kulifanyia mzaha jambo lile.

Wasichana wenzangu, sisemi msijipambe. Kupendeza si dhambi, na saluni ya mtu mwangalifu ni mahali pema pa kupumzikia. Ila mkienda likizo, msione haya kuuliza, na kama ninyi ndio mnaoshika brashi, msione haya kuuliza pia. Nanyi wazazi mnaosoma gazeti hili, mkiona ugonjwa wa ngozi usioeleweka, ulizeni kwanza mtu amepaka nini kabla ya kuuliza ni nani aliyemshika mkono. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Mimi nimeona kwa macho yangu kwamba kutouliza ndio ujinga wenyewe.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tano